Mlima wa feri na vali za mapafu

ZENA: Karibuni tena. Salim, juzi ulinigusia habari ya ami yako, nikakwambia tuizungumze hapa.

SALIM: Ami yangu anakaa Likoni, Mombasa. Amevuta sigara tangu ujana, sasa ana emfisema kali, ugonjwa wa mapafu. Zamani akishuka feri upande wa kisiwani, ule mlima aliupanda kwa mkupuo mmoja. Siku hizi anashika chuma cha pembeni, anakwenda hatua 10, anasimama. Watu wanampita huku na huku. Akifika juu, midomo ameikunja kama anayepuliza chai ya moto.

ZENA: Maskini. Na nyumbani?

SALIM: Kuoga anaketi kigodani. Viatu vya kamba ameviacha, ni ndara tu, maana akiinama pumzi zinakatika.

ZENA: Wengi hudhani hewa haiingii. Inaingia, kutoka ndiko kunakoshinda! Vifuko vya hewa vimeharibika, hewa imekwama, pafu limefura mpaka linaukandamiza msuli wa kupumulia. Hewa mpya haina pa kukaa.

SALIM: Hapo ndipo vali zinapofaa, vilango vidogo vya kupitisha hewa upande mmoja tu. Daktari hapasui kifua. Hupitisha mpira mwembamba wenye kamera mpaka kwenye njia za hewa, akaweka vali chache katika sehemu ya pafu iliyoharibika zaidi. Hewa inatoka, hairudi. Sehemu ile inanywea, zilizo bora zinapata nafasi. Marekani waliziidhinisha mwaka 2018.

ZENA: Mimi nataka kujua mwendo. Mtu anatembea?

SALIM: Groningen, Uholanzi, walipima wagonjwa 68, matokeo yakatoka 2015. Kwa kutembea dakika 6, waliowekewa vali waliwapita wenzao wasiowekewa kwa wastani wa mita 74 baada ya miezi 6. Utafiti wa LIBERATE, wa watu 190, baada ya mwaka ulipata tofauti ya mita 39.

ZENA: Mita 39, mtu mwenye afya hazihesabu.

SALIM: Ami angezihesabu moja moja. Ni kwenda chooni na kurudi bila kumwita mtu.

ZENA: Lakini tuseme kweli. Mtu aliyekaa kiti kimoja miaka mitano, miguu imelegea na woga umemwingia. Vali haimpi nguvu ya miguu. Lazima mazoezi, kabla na baada, la sivyo pumzi itarudi na yeye atabaki pale pale kitini.

SALIM: Na hatari ipo. Katika LIBERATE, kati ya watu 128 waliowekewa vali, 34 pafu lilivuja hewa kifuani, na wako waliofariki. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa siku kadhaa akiangaliwa. Tena haimfai kila mtu: kama ukuta baina ya sehemu za pafu una upenyo, hewa huingia kwa ubavuni na vali hazisaidii. Hupimwa kwanza. Na anayevuta sigara hawekewi mpaka aache.

ZENA: Ami ameacha?

SALIM: Tangu Ramadhani. Alifuturu kwa tende, sigara hakuirudia. Sasa tunangoja picha za kifua. Kila alasiri natembea naye mpaka msikitini. Njiani kuna mkwaju, hapo huwa anaketi kwenye mzizi.

ZENA: Bado anaketi?

SALIM: Jana alisimama tu, akaegemea, akaniambia twende.