Jumla Iliyogoma Kupanda

SALMA: Karibuni tena. Leo ni lo-kodi (low-code), na kabla hamjakimbia, siyo kodi ya TRA wala ya mwenye nyumba. Ni zile zana za kutengeneza programu kwa kuburuta vitufe na kuandika fomula chache: Power Apps, AppSheet na ndugu zao. Kaka Baraka, habari za stoo?

BARAKA: (Anacheka) Dada, umeanza mapema! Haya. Kuna mahali nilitengeneza programu ya stoo, siku tatu tu ikawa tayari. Mtunza stoo anajaza hati ya mzigo kwenye simu, anahifadhi, inaingia kwenye orodha ya SharePoint, ile hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Mwezi wa kwanza nilikuwa mfalme.

SALMA: Halafu saruji ikagoma.

BARAKA: Lori linashusha, mifuko tunaiona kwa macho, jumla kwenye skrini iko palepale. Mzee wa watu akaanza kudhani anachezewa.

SALMA: Na hakuna ujumbe wa hitilafu?

BARAKA: Hata nusu. Kujumlisha ni kazi ambayo SharePoint haiifanyi yenyewe, kwa hiyo Power Apps inavuta rekodi 500 za mwanzo na kujumlisha hizo tu. Unaweza kupandisha kikomo hadi 2,000, lakini hapo umeahirisha msiba. Na nilionyeshwa alama ya onyo nikiwa natengeneza, pembetatu ya njano. Nikaipita kama daladala inavyopita taa ya njano.

SALMA: Fomula nakusamehe. Ila hukumwuliza yule mzee anaandika hati ngapi kwa siku?

BARAKA: Nilimwuliza baadaye. Kumi hivi.

SALMA: Basi siku 50 tu umekwisha! Hesabu ya darasa la tatu, ungeifanya mkiwa mnakunywa chai.

BARAKA: Ndiyo maana siku hizi sifungui kompyuta kabla sijakaa stoo asubuhi nzima na daftari. Na kwenye majaribio nashusha kile kikomo cha 500 hadi 1. Naingiza mistari mitatu, fomula yenye kasoro inaumbuka hapohapo.

SALMA: Hiyo tamu. Na daftari lenyewe unaandika nini? Maana kuna watu wanapiga picha kila skrini, kurasa 60, hakuna anayezisoma.

BARAKA: Picha za nini, skrini si ipo? Naandika yale ambayo skrini haisemi. Nikusomee: “Tarehe ni siku mzigo uliposhuka, siyo siku hati ilipojazwa. Ameamua mhasibu.” Mstari mmoja. Bila huo, atakayenirithi ataibadilisha, na ripoti za mwisho wa mwezi zitavurugika.

SALMA: Ongeza na akaunti. Ile barua pepe ya kuagiza mzigo, ambayo programu inaituma yenyewe, inatoka kwa akaunti ya nani? Mtu akiacha kazi, akaunti yake ikafungwa, na barua zinakatika.

BARAKA: Nimeandika, na mmiliki wa pili yupo.

SALMA: Ile jumla uliitibu vipi?

BARAKA: Kila bidhaa ina safu yake ya salio. Hati ikihifadhiwa, programu inasoma salio, inaongeza au inapunguza, inarudisha. Haigusi tena historia yote.

SALMA: Watu wawili wakihifadhi kwa pamoja je? Wote wamesoma mifuko 80, mmoja katoa 10, mwingine 5. Stoo imebaki na 65, ila salio litasema 70 au 75, kutegemea nani kahifadhi mwisho.

BARAKA: Haitokei. Stoo ina dirisha moja, na mtu ni mmoja.

SALMA: Hilo la dirisha moja limo daftarini?

BARAKA: ...

SALMA: Kaka Baraka?

BARAKA: Nipe kalamu.