Namna ya Kuchagua Suruali ya Baridi ya Baiskeli ya Milimani, Imara na ya Bei Nafuu

Karibu, ndugu mtazamaji. Juu ya meza hii nimetandaza suruali tatu za kuendeshea baiskeli ya milimani wakati wa baridi. Ya kushoto nimeivaa misimu minne, na kamera ikisogea karibu utaona kwamba kitambaa cha makalioni kimeanza kung'aa kwa kusuguliwa na kiti, ingawa hakijatoboka popote. Ya katikati niliinunua kwa bei iliyokaribia mara mbili ya hiyo ya kwanza, nikiamini kwamba unene wake na maelezo marefu ya lebo yake yangenifaa, lakini haikumaliza hata msimu mmoja. Ya kulia ni mpya, na ndiyo tutakayoikagua pamoja, ili video hii ikiisha uweze kuingia dukani na kuchagua mwenyewe bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Kabla ya kuanza, ningependa ulielewe jambo moja ambalo lilinigharimu muda na fedha kulijua: usinunue joto kwenye suruali ya nje. Miguu inayopanda mlima hujizalishia joto jingi yenyewe, na vazi la ndani linaloshika mwili ndilo linalolitunza joto hilo. Suruali ya nje ina kazi tatu, yaani kuzuia upepo, kuvumilia msuguano wa kiti, matawi na mawe, na kuuacha mguu ujikunje na kujikunjua bila kuvutwa. Ukilipia kazi hizo tatu peke yake utashangaa jinsi bei inavyoshuka. Ukilipia bitana nene na tabaka za kuzuia maji, bei hupanda huku kitambaa cha makalioni na magotini, mahali ambapo suruali hufia, kikibaki kilekile.

Hatua ya kwanza ni kuijua baridi unayoiendea. Kipimajoto peke yake hakitoshi, kwa kuwa mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Hewa ikiwa na nyuzijoto 0 na upepo unaokupiga ukawa wa kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzijoto 5 chini ya sifuri, na mteremko wa kawaida hukufikisha kwenye kasi hiyo bila hata kupiga pedeli. Dakika chache kabla ya hapo ulikuwa ukipanda polepole huku jasho likikutoka. Suruali inayokufaa ni ile inayovumilia hali hizo mbili katika safari moja. Kwa nyuzijoto 10 na zaidi, suruali nyepesi ya kitambaa kimoja inatosha. Kati ya 0 na 10, tafuta kitambaa kizito kiasi, ambacho upande wake wa ndani umepigwa brashi ukawa na manyoya mafupi sana. Chini ya sifuri, vaa suruali hiyohiyo juu ya vazi la ndani la sufu laini ya kondoo wa merino au la poliesta. Kwa njia hii suruali moja hukuhudumia msimu mzima, na kinachobadilika ni vazi la ndani, ambalo kwa kawaida ni rahisi zaidi kulinunua.

Hatua ya pili ni kusoma lebo ya ndani, hii ndogo iliyoshonwa ubavuni, na kuipuuza ile kubwa ya kadibodi inayoning'inia kwa nje. Ukikuta pamba ndiyo iliyoandikwa mwanzo, irudishe suruali mahali ulipoitoa, na hukumu hiyo iifikie jinzi pia hata ikiwa nzito namna gani. Pamba hunywa jasho, hukawia kukauka, na ikilowa hugandamana na paja na kulinyonya joto mteremko mzima. Unachotafuta ni nailoni au poliesta iliyochanganywa na spandeksi kidogo, yaani uzi unaovutika kama mpira. Tofauti ya hizo mbili inafaa kueleweka vizuri. Nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta ya uzito uleule, kwa hiyo ndiyo ninayoitaka makalioni na magotini. Lakini hufyonza unyevu unaoweza kufikia asilimia 4 ya uzito wake, ilhali poliesta hufyonza chini ya asilimia 1, ndiyo maana poliesta hukauka upesi. Kama njia zako zina mawe na miiba, chagua nailoni. Kama zina matope laini na mvua za mara kwa mara, poliesta nzuri haitakuangusha, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Spandeksi ya asilimia 5 hadi 12 inatosha kabisa. Ikizidi sana, kitambaa hulegea magotini baada ya miezi michache na kubaki na vifuko visivyorudi.

Baadhi ya lebo hutaja uzito wa kitambaa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kwa baridi ya kawaida mimi huchukua kati ya gramu 180 na 250. Nyingine hutaja denia, ambayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene.

Kuhusu kuzuia maji, naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Namba kama milimita 10,000 unayoiona imeandikwa kwa wino wa kung'aa ni kimo cha maji ambacho kitambaa kipya kilikibeba katika kipimo kabla ya kuanza kuvuja. Kitambaa kinachokaliwa na mwili mzima kwenye kiti kilicholowa, kikasuguliwa humo maelfu ya mara, hakibaki kama kilivyokuwa siku ya kipimo. Ile suruali ya katikati ilikuwa na tabaka la namna hiyo. Tazama ndani yake hapa makalioni: tabaka limebanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Tena, kabla haijafika huko, jasho langu la kupanda mlima lilikuwa likijikusanya ndani, hivyo nikawa nafika kileleni nimelowa bila tone la mvua. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, ushauri wangu ni kununua suruali ambayo uso wake umepakwa dawa ya kufukuza maji, kisha kufunga madigadi juu ya gurudumu la nyuma. Maji mengi yanayokulowesha makalioni hurushwa na gurudumu lako mwenyewe, na kipande hicho cha plastiki hukukinga kuliko tabaka lolote la gharama.

Hatua ya tatu hufanywa kwa mikono, na hapa nitakaa kidogo. Chukua suruali, ingiza ngumi sehemu ya makalioni, kisha uinyanyue mbele ya taa kama ninavyofanya sasa. Mwanga unaopenya kwa nukta nyingi zilizo wazi ni dalili ya ufumaji uliolegea; kitambaa kizuri huonyesha giza lenye wekundu hafifu wa ngozi, au hakionyeshi kitu. Sasa weka kitambaa cha paja mdomoni na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita bila kizuizi, upepo wa mteremko nao utapita. Isipopita hata kidogo, jasho halitapata njia. Ninayoipenda hupitisha pumzi kwa shida mbele ya paja na kwa urahisi zaidi nyuma ya goti, na mafundi wanaoelewa kazi yao hutumia vitambaa viwili tofauti kwa sababu hiyohiyo.

Igeuze suruali ndani nje. Shika pande mbili za mshono wa makalioni na uzivute kutoka kila upande, kwa nguvu lakini bila hasira. Ukiona nyuzi zimejitokeza kama ngazi na mwanga unapita katikati yake, mshono huo utaachia siku utakapochuchumaa kuziba pancha. Hesabu hatua za sindano katika sentimita moja ya mshono: tatu au nne ni sawa, mbili ni chache. Mstari wa pili wa uzi unaokwenda sambamba na wa kwanza ni dalili njema sana. Kisha tazama msamba. Katika suruali nyingi za kawaida mishono minne hukutana hapo kama njia panda, na kifundo hicho ndicho utakachokikalia saa tatu nzima. Hii mpya ina kipande cha umbo la almasi kilichoongezwa katikati, kinachoisogeza mishono pembeni na kumpa mwendeshaji nafasi ya kupanua miguu. Kama ningelazimika kuchagua sifa moja tu na kuziacha nyingine zote, ningechagua kipande hiki.

Zipu zikaguliwe upesi: ifungue na kuifunga kila moja mara tano kwa mkono mmoja, ukiwa umevaa glavu. Ikikwama dukani, itakwama zaidi ikiwa na matope.

Hatua ya nne ni kuivaa, lakini kuivaa ukiwa umesimama mbele ya kioo hakukwambii lolote. Ijaribu juu ya bukta yenye sifongo na vazi la ndani utakalolitumia, pamoja na kinga za magoti kama huwa unazivaa. Keti kwenye baiskeli, na kama hakuna baiskeli keti ukingoni mwa kiti, inama mbele kana kwamba umeshika usukani, kisha unyanyue goti mpaka likaribie kifua. Angalia mambo matatu. Kiuno cha nyuma kisishuke na kuacha mgongo wazi, na ndiyo maana suruali nzuri za baiskeli hukatwa juu zaidi kwa nyuma. Goti lisivute kitambaa cha paja. Suruali iliyoshonwa ikiwa na mkunjo wa goti tayari huonekana imepinda hata ikining'inia kwenye hanga, na hilo si kasoro. Jambo la tatu ni pindo la chini. Mguu ukikunjika pindo hupanda, kwa hiyo ukiwa umesimama linapaswa kufika chini ya kifundo cha mguu, na wakati huohuo liwe jembamba kiasi cha kutogusa cheni.

Hapa kamera isogee kwenye mguu wa kulia wa suruali ya katikati. Unaviona vitundu hivi vinne vilivyopangana kwa umbali sawa? Hayo ni meno ya gia ya mbele. Pindo lilikuwa pana, likanaswa nikiwa napanda, baiskeli ikasimama ghafla nami nikaanguka ubavu. Sikuumia sana, lakini tangu siku hiyo sinunui suruali yenye pindo pana isiyo na mpira, velkro au zipu ya kulibana.

Hatua ya tano inahusu bei. Suruali iliyoandikwa kuwa ni ya baiskeli ya milimani mara nyingi huuzwa ghali kuliko nyingine ya kitambaa hichohicho iliyokusudiwa shughuli jirani, kwa hiyo usifungie macho rafu za pembeni. Suruali za wapanda milima kwa miguu huwa na kitambaa imara na goti lililokunjwa vizuri. Upungufu wake ni pindo pana, ambalo fundi cherehani hulipunguza kwa muda mfupi. Suruali za wanaoteleza kwa ski, yaani mbao ndefu zinazofungwa miguuni, kwenye theluji tambarare huzuia upepo vizuri kwa mbele na kupumua kwa nyuma, ila makalio yake hayakuandaliwa kwa ajili ya kukaliwa, hivyo yakague mara mbili. Za waendesha pikipiki za njia za vumbi ni ngumu kweli na zina nafasi ya kinga za magoti, lakini ni nzito, na kwenye mpando mrefu utauhisi uzito huo. Suruali za kazi za nailoni nzito zinafaa kwa safari fupi, iwapo msamba wake hauna kifundo cha mishono. Nguo zilizokwisha kuvaliwa nazo ni nafuu kubwa, mradi uzipitishe kwenye vipimo vyote vya hatua ya tatu, na kipindi kizuri cha kununua mpya ni mwishoni mwa baridi, wakati maduka yanapotaka kuachia nafasi. Unapolinganisha mbili, gawa bei ya kila moja kwa idadi ya safari unazotarajia kwenda nayo. Ile yangu ya kushoto imekwenda safari zaidi ya mia. Ya katikati haikufika kumi na tano.

Hatua ya sita ni matunzo, kwa kuwa uimara hauishii dukani. Acha matope yakauke, uyapige kwa brashi, kisha ufunge zipu zote, uigeuze suruali ndani nje na kuifua kwa maji ya nyuzijoto 30 na sabuni ya maji kidogo. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando unaoziba njia ya jasho na kuidhoofisha dawa ya kufukuza maji. Maji yakianza kuenea kwenye kitambaa badala ya kujiviringisha na kudondoka, mara nyingi joto la chini la mashine ya kukaushia, pale lebo inaporuhusu, huiamsha dawa hiyo tena. Ikishindikana, ipake upya.

Mwisho, usingoje tundu litokee. Kitambaa kikianza kung'aa na kuwa chembamba kama hiki cha makalioni, bandika kiraka cha nailoni kwa upande wa ndani sasa, kikubwa kuliko eneo lililochakaa kwa sentimita mbili kila upande, na ukate kona zake ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo huanza kubanduka.