Kabla ya Sura ya Kwanza: Mapatano ya Msimamizi na Mtafiti wa Uzamivu

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wapya wa uzamivu, yaani PhD, na ninyi mliosafiri usiku kutoka Gulu na Mbarara kuja hapa Kampala, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie mipango ya usimamizi. Nitaanza na bahasha. Rasimu ya sura yangu ya pili niliichapa, nikaitia katika bahasha ya kaki, nikaipeleka ofisini kwa msimamizi wangu, katika chuo ambacho sitakitaja. Profesa alikuwa kikaoni, nikamwachia katibu wake. Ikapita miezi saba. Kila nikipita kwenye ile ofisi naiona pale pale juu ya kabati, chini ya mafaili ya mitihani, ncha yake moja imejikunja. Sikuuliza. Nilivyolelewa mimi, mtoto hamwulizi mzee, "Umefikia wapi?" Naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akingoja nirudi nimwambie niko tayari tuijadili, alidhani ile nakala ni ya kumbukumbu tu. Miezi saba tunaheshimiana, na kazi imelala.

Hakuna kati yetu aliyekuwa mtu mbaya. Hatukuwa tumeelewana ni nani amtafute mwenzake, na baada ya siku ngapi.

Nendeni Katwe, kwa mafundi wa vyuma. Kijana akija kujifunza, hukaa na fundi wakapatana kabla hajashika nyundo: atakaa muda gani, atalipa nini, ataruhusiwa lini kuchomelea peke yake. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Mimi naamini uzamivu bado ni uanagenzi, na uanagenzi bila mapatano humwumiza mwanagenzi kwanza.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza usiwe wa kujadili mada peke yake. Ulizaneni: rasimu ikifika, maoni yatarudi baada ya wiki ngapi? Mimi nasema wiki tatu kwa sura moja. Anayehitaji sita aseme sita, mradi ziandikwe. Wiki hizo zikipita kimya, mwanafunzi ana ruhusa ya kukumbusha, na ruhusa hiyo itamkwe na msimamizi mwenyewe. Ninawaomba sana, walimu wangu. Mwanafunzi wa kwetu hawezi kujipa ruhusa hiyo. Mwambieni kwa kinywa chenu, "Nikikawia, nipigie." Neno hilo moja lingeniokolea nusu mwaka.

Kila mkutano ukiisha, mwanafunzi aandike ukurasa mmoja jioni ile ile: tulikubaliana nini, nani atafanya nini, tukutane lini. Autume kwa wasimamizi wote wawili. Ninalo daftari la mwanafunzi wangu mmoja lenye kurasa thelathini na moja za namna hiyo. Nilipopata likizo ya utafiti, mwenzangu aliyenipokea alilisoma kwa siku moja akaendelea tulipoishia.

Wasimamizi wawili ni jambo jema, lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunalijua hili kwa uchungu. Mmoja anakwambia uandike "kirai nomino," mwingine anakikata anaweka "kikundi nomino," majina mawili ya kitu kile kile. Unarekebisha kwa huyu, unakosolewa na yule, mwaka unaisha kwenye istilahi. Mkubaliane mapema nani ni msimamizi mkuu, na wakitofautiana neno la nani litasimama. Maoni ya mmoja yamfikie na mwenzake kabla mwanafunzi hajagusa rasimu. Mwanafunzi asifanywe tarishi wa ugomvi wa wakubwa.

Vibali pia. Hapa Uganda pendekezo lako hupita kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti, ndipo liende Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Wekeni muda huo kwenye ratiba, na mjue ni nani atasoma fomu kabla ya kutiwa saini.

Kuhusu makala zitakazotokana na tasnifu: jina la nani litatangulia? Hili watu huona haya kulitaja, nami nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa ajili yake. Litajeni mapema, kungali hakuna makala ya kugombania.

Kuna wanaoniambia kuandikiana ni kukosa kuaminiana. Sikubali. Tunapoposa tunataja mahari mbele ya wazee, na hakuna asemaye familia hizo zinashukiana. Tena mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wa kukifundisha watafundishwa na ninyi mliokaa hapa. Kila tasnifu inayolala juu ya kabati, kuna darasa mahali fulani linaloisubiri.

Kwenye viti vyenu kuna karatasi moja tupu. Sikuchapa fomu, kwa sababu fomu hutiwa saini bila kusomwa. Mliokuja msimamizi na mwanafunzi, kaeni pamoja sasa, tuna dakika arobaini kabla ya chai. Anzeni na swali la wiki ngapi. Mwanafunzi ndiye ashike kalamu.