Jinsi ya Kutambua Jino Linalohitaji Kuzibwa

Karibu mtazamaji. Leo tunakagua meno nyumbani, tukitafuta jino lililoanza kuoza kabla halijauma. Gamba la nje la jino, yaani enameli, halina mishipa ya fahamu, ndiyo maana jino linaweza kutoboka huku unakula kama kawaida. Maumivu huja uozo ukishapenya ndani zaidi. Anayengoja jino liume mara nyingi hukuta wakati wa kuziba umeshapita.

Andaa tochi, ya simu inatosha, kioo kidogo, uzi wa kusafishia meno na kitambaa laini kilicho safi. Piga mswaki kwanza, kwa sababu utando mweupe unaoganda kwenye meno huficha madoa. Kisha kausha jino unalolikagua kwa kitambaa. Hatua hii usiiruke hata kidogo: doa la mwanzo kabisa huonekana jino likiwa kavu, mate yakirudi linapotea.

Sasa mulika karibu na ufizi. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, lililofifia kama chaki, hapo madini ya jino yameanza kuliwa na asidi ya bakteria lakini tundu bado. Doa hili kwa kawaida halizibwi. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, tema povu bila kusukutua kwa maji, punguza kula sukari mara kwa mara, na daktari wa meno alifuatilie. Madoa meupe yanayofanana kwenye meno mengi, kulia na kushoto, huenda yametokana na floraidi nyingi utotoni, na huo si uozo.

Twende kwenye magego, ndiko kwenye kazi. Tazama mifereji ya sehemu ya kutafunia. Mstari mwembamba wa kahawia uliokaa miaka bila kubadilika mara nyingi ni rangi tu ya vyakula na vinywaji. Kinachotutia wasiwasi ni kivuli cha kijivu kinachoonekana kwa chini, pembeni mwa mfereji. Maana yake uozo umeingia kwa mlango mdogo na kutanuka ndani, na gamba la juu limebaki kama dari. Siku moja unatafuna kitu cha kawaida, dari inavunjika, unadhani tundu limetokea jana.

Usichokonoe kwa pini wala sindano. Sehemu iliyolainika ambayo ingeweza kukomaa tena utaitoboa mwenyewe.

Mzazi, mkague mtoto kuanzia miaka 6 hivi. Gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, hivyo wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze.

Pitisha uzi kati ya meno. Ukikwama au kuchanika nyuzinyuzi kila mara mahali palepale, na chakula kinanasa hapohapo, pengine kuna ukingo wa tundu, ugaga (utando ulioganda ukawa mgumu kama jiwe), au kizibo cha zamani kilichoachia. Kwa macho huwezi kuamua. Uozo wa katikati ya meno huonekana vizuri kwa eksirei.

Jino likiuma, pima muda. Kitu baridi au kitamu kikilishtua, na maumivu yakaisha ndani ya sekunde chache baada ya kukiondoa, kuziba huenda kukatosha. Yakiendelea nusu dakika au zaidi, yakianza yenyewe, au yakikuamsha usiku, kiini cha jino, yaani sehemu laini ya ndani yenye mishipa ya fahamu na ya damu, huenda kimeathirika, na hapo huzungumziwa matibabu ya mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi) au kung'oa. Maumivu makali unapoachia baada ya kung'ata huashiria ufa. Ubaridi unaochoma shingoni mwa jino ambako ufizi umeshuka unaweza kuwepo bila tundu lolote.

Ukiona dalili hizi, panga miadi. Mweleze daktari jino linaumishwa na nini, kwa muda gani, na tangu lini. Uso ukivimba, ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, usingoje miadi, nenda hospitali wakati huohuo.

Unapongoja, tafuna upande wa pili, lakini jino hilo endelea kulipiga mswaki. Usiweke kidonge cha aspirini kwenye ufizi, kinaunguza nyama. Na maumivu makali yakikatika ghafla yenyewe, miadi usiifute: kiini kinaweza kuwa kimekufa, na bakteria wakaendelea kushuka hadi mfupani bila wewe kuhisi chochote, mpaka jipu lijitokeze.