Sahihi ni Yako, Hata Kama Mashine Ndiyo Iliyoandika

Ndugu mawakili, na nyinyi wananchi mliokaa huko nyuma mkidhani mada hii ni ya wenye majoho tu, nawasalimu.

Niwape kisa cha New York. Abiria alilishtaki shirika la ndege la Avianca, akidai toroli la vyakula lilimgonga goti. Wakili wake akaitaka ChatGPT, programu ya akili mnemba, imtafutie hukumu za kuunga mkono hoja. Ikampa, tena zina majina ya majaji na namba za mashauri. Alipoiuliza kama ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Hazikuwapo! Juni 2023 Jaji Castel akatoza faini ya dola 5,000, akaamuru waandikiwe barua majaji waliosingiziwa hukumu hizo.

Mimi namtazama zaidi wakili wa pili wa abiria huyo. Utafiti hakufanya, alitia sahihi tu kwenye nyaraka, na faini ikamkumba naye. Sasa hapa Dodoma, ni nyaraka ngapi zinaandaliwa na karani, wakili akazisaini amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi? Mnacheka! Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Ifungue hukumu unayoitegemea, isome yote, uone kama haijatenguliwa.

Halafu kuna mkataba wa kiwanja cha Iyumbu au Nala. Una namba ya NIDA, simu, bei na picha za wahusika. Ukiubandika kwenye programu ya akili mnemba ikusahihishie, umezipeleka taarifa za mteja kwenye seva usizozijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadhibiti kuzisafirisha nje ya nchi. Usinijibu kwamba ulifuta jina. Namba ya kiwanja na kitalu inamtaja mwenyewe.

Nanyi wateja, Kamati ya Mawakili inaweza kumsimamisha wakili au kumfuta kwenye orodha, ila hiyo ni nidhamu. Ukitaka fidia ya hasara, nenda mahakamani, na Sheria ya Ukomo inakuhesabia muda wa kufungua shauri: miaka 6 kwa madai ya mkataba, 3 kwa madai ya uzembe. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa dai risiti na barua inayoeleza kazi aliyopewa wakili, na ndani yake muulize kama nyaraka zako zitapita kwenye mashine. Habari za "tulielewana kwa simu" ndizo ninazoletewa kila wiki, na mara nyingi sina pa kuanzia.