Mnaniuliza "Mortgage" Ndiyo Nini: Jibu Langu

Jamani, karibuni. Tangu nitaje nyumba, komenti ni zilezile: "Hiyo mortgage ndiyo nini, na mbona t huitamki?" Wengine: "Kanunua nyumba Uingereza, anaturingia." Siringi, na wala sikuja kulalamika. Mortgage ni mkopo wa kununulia nyumba, na nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Nataka mlielewe hili neno, maana mkilielewa mtaacha kuniita mwenye nyumba.

Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kikaja kutawala mambo ya sheria na ardhi. Mort ni kufa, gage ni dhamana. Dhamana iliyokufa! Waingereza wa zamani waliandika hata "morgage". T ilirudishwa baadaye kuiga Kilatini, ndiyo maana iko kimya.

Imekufaje? Katika karne ya 12, ukimkabidhi mkopeshaji shamba na mavuno yakawa yanapunguza deni, dhamana hiyo iliitwa hai. Akiyala mavuno na deni likabaki palepale, imekufa. Jaji Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, akaeleza vingine: siku ikifika hujalipa, ardhi imekufa kwako, ukilipa, dhamana imekufa kwa aliyekukopesha. Mimi nashika la Littleton, kwa sababu ndilo ninaloishi nalo. Na hiyo gage ni ndugu wa wage, yaani ujira, na wa wedding, harusi: zote zimetoka kwenye neno la kale la lugha za jamii ya Kijerumani la kuweka ahadi. Sisi tuna rehani yetu, tuliyoipata kwa Waarabu. Basi nyumba hii iko rehani kwa benki.

Halafu kuna hili linaloniuma. Afisa wa mikopo alipekua taarifa zangu za benki mstari kwa mstari, akaweka kidole penye pesa ninayomtumia mama kila mwezi: "Hili ni deni la nani?" Nikamwambia ni mama yangu mzazi. Akataka maelezo kwa maandishi! Na wakati huohuo huko nyumbani kuna ndugu kaninunia, eti nimepata nyumba na sikumbuki watu.

Simwambii mtu achukue wala asichukue. Kila mtu na kipato chake, viza yake na wanaomtegemea. Hesabu hii ni yangu mimi. Ila wakili akikuletea hati, mwombe akuonyeshe kifungu cha usipolipa, ukisome chote kabla ya kusaini. Wa maswali ya kianzio, ile pesa unayotanguliza mwenyewe, andikeni hapo chini, hayo nitayafanyia video yake.