Daktari Uingereza analipwa ngapi? Tupige hesabu

Habari zenu ndugu zangu wa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, na ninyi wa Ukerewe. Swali ni lile lile kila wiki: "Daktari huko analipwa ngapi?" Nikitaja mshahara naambiwa najisifu, nikitaja makato naambiwa nalalamika. Leo nataja vyote.

Daktari mgeni mara nyingi anaanzia ngazi ya mwaka wa pili baada ya chuo. Kwa England, 2025/26, mshahara wa msingi wa ngazi hiyo ni pauni 44,439 kwa mwaka. Msikimbilie kuuzidisha kwa shilingi. Pensheni inakata 9.8%. Pauni 12,570 za kwanza hazina kodi ya mapato, inayobaki inakatwa 20%, halafu kuna bima ya taifa 8%. Mkononi inafika kama pauni 2,670 kwa mwezi, bila posho za usiku na wikendi. Pango bado hujalipa.

Kinachochosha zaidi ni makaratasi. Ukienda kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza, GMC, yaani baraza linalosajili madaktari Uingereza, wanataka wastani wa 7.5 na kila kipengele kisipungue 7.0, vyote kwa mtihani mmoja. Ukipata 8 kusikiliza na 6.5 kuandika, unalipa na kurudia. Halafu kuna PLAB, mtihani wa GMC kwa madaktari waliosoma nje, wenye sehemu mbili. PLAB 1 ni maswali 180 kwa saa 3, na unaweza kuifanyia nje ya Uingereza. PLAB 2 ni Manchester tu: viza, nauli, malazi, na ukifeli hela imeenda.

Jina la kwenye digrii lisipofanana na la pasipoti, uhakiki wa vyeti unakwama. Rekebisha kabla hujalipia chochote. Barua ya mwenendo mwema ya Baraza la Madaktari Tanganyika inakubalika kwa miezi 3 tu, ndiyo maana wanaoiomba mapema wanaiomba mara mbili. Na kufaulu PLAB si kupata ajira. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halifutiki kwa kupanda ndege.

Linaloniuma ni kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kusukumwa udaktari kwa sababu ya pauni. Ni miaka 5 pale chuo cha CUHAS Bugando, mwaka 1 wa intani, yaani mafunzo kazini, ndipo safari hii ianze. Kila nyumba ina hesabu yake, siwaamulii. Ila mtoto anayeuliza kwa nini mvuvi aliyemeza dawa ya kichocho anaugua tena, halafu akafuatilia mpaka akaelewa kwamba dawa inaua minyoo lakini haimkingi akirudi majini, huyo mlipieni ada.